Mkono wa roboti kwenye meza ya sonara: miezi mitano, Langoni

Watu watatu wameniomba niandike kuhusu huu mkono. Wawili wanataka kuununua, wa tatu anataka kujua kama nimerukwa na akili. Nawajibu wote kwa pamoja.

Mimi ni sonara, hapa Langoni, Lamu, kwenye chumba kile kile alichofanyia kazi babu na anachofanyia baba mpaka leo. Tunafua pete, vipuli na vikuku vya fedha, na wageni wakija huulizia zaidi pete za vigae. Kipande cha sahani ya kauri ya kale, kina ua la buluu au nusu ya jani, unakikata, unakisugua mpaka kiwe duara au yai, kisha unakizungushia ukingo wa fedha usiozidi milimita moja. Kazi inayonimaliza ni kusugua na kung'arisha mwishoni. Unaishika pete kwenye gurudumu, unaigeuza kidogo kidogo, fedha inashika moto, vidole vinaungua, na ukizubaa kidogo tu gurudumu linavuka ukingo na kulamba kigae. Nilichotaka ni kitu cha kunishikia pete. Tangazo lilisema mkono huu "unashika chochote". Hilo ni kweli, na ndilo lililonigharimu, kwa sababu sikujua kwamba kushika ni jambo moja na kujua ulichokishika kimekaaje ni jambo jingine kabisa.

Muuzaji simtaji, nina malalamiko naye na sitaki kesi. Michoro ya mkono wenyewe ni ya wazi, yeyote mwenye printa ya plastiki anaweza kuichapa. Yeye kazi yake ni kufungasha tu. Nililipa shilingi 41,500 pamoja na usafiri: mota sita, vipande vya plastiki, vidole viwili, kamera ndogo ya kufunga kifundoni, adapta, na pakiti ya skrubu isiyo na hesabu kamili. Baadaye nikaongeza 19,000 kwa kidole laini chenye kamera ndani, nacho nitakirudia kwa urefu maana ndicho kitu pekee kwenye boksi kilichonifundisha jambo. Kifurushi kilipanda basi Nairobi, kikateremshwa Mokowe, kikavuka kwa boti. Kuna mtu alikikalia njiani, naapa. Kipande kimoja cha plastiki kilikuja kimepasuka, muuzaji akanijibu baada ya wiki tatu kwa alama ya dole gumba. Fundi simu wa jirani akakigundisha kwa gundi kwa shilingi 50, na mpaka leo kimeshika. Kuunganisha kulinichukua usiku mbili. Maelekezo ni ya Kichina na Kiingereza kilichotafsiriwa na mashine, fuata picha.

Sasa mambo yenyewe.

Huu mkono unajijua vizuri. Kila kiungo kina mota, na ndani ya kila mota kuna sumaku na kipimo kinachogawa mzunguko mmoja sehemu 4,096. Sehemu moja haifiki hata moja ya kumi ya digrii. Kompyuta ikijua pembe za viungo vyote na urefu wa kila mfupa, inapiga hesabu za jiometri tulizozikimbia sekondari na kukwambia ncha za vidole ziko wapi. Ukiunyoosha sentimita 30, hatua moja ya mota ya begani ni kama nusu milimita kule kwenye ncha. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Gia zina mwanya kati ya meno, kwa hiyo mota ikiwa imekaza kabisa, nikiisukuma ncha kwa kidole changu inatikisika milimita tatu, karibu nne. Nimepima kwa rula ya chuma ya baba. Kwa bei hii silalamiki.

Pete ya kwanza niliyoupa ilikuwa ya kigae cha kijani, oda ya mteja wa Shela. Ujinga wangu, ningeanza na pete ya shaba. Niliupangia: chukua pete, peleka kwenye gurudumu, gusa, rudi, geuza kifundo digrii 20, gusa tena. Kwenye kioo cha kompyuta kuna mchoro wa mkono na mchoro wa pete, na vyote viwili vilikwenda pamoja vizuri mno, hadi nikapiga video. Mguso wa kwanza, salama. Mguso wa pili, salama kwenye kioo. Mezani pete ilikuwa imeshageuka ndani ya vidole, robo ya mzunguko hivi, kwa sababu gurudumu linavuta. Kwenye kioo kigae bado kinatazama juu. Mguso wa tatu nikasikia "kriii".

Baba alikuwa mlangoni anazungumza na mtu wa punda. Hakugeuka hata uso. Alisema tu, "Pete yateza," yaani inacheza.

Alijua kwa sauti. Mkono wangu wa 41,500, ulioishika pete yenyewe, haukujua.

Nilikaa na kile kigae kilichomeguka ukingoni nikatafuta kisa. Programu ilichukulia kwamba pete imegandishwa kwenye vidole tangu iliposhikwa. Ilijua vidole viko wapi, ikaongeza pale mahali pete ilipokuwa mwanzo, ikaishia hapo. Kila kitu ambacho pete ilikifanya yenyewe baada ya kushikwa, kuteleza, kulala upande, kuzunguka, hakikuwa na pa kuandikwa. Kwa wale wanaopenda hesabu: kitu chochote mkononi kina namba sita za kufuatilia, tatu za mahali kilipo (mbele, kando, juu) na tatu za jinsi kilivyoelekea. Mkono ukizijua namba sita za vidole vyake haujazijua za pete. Muuzaji yeyote akikuonyesha video, usitazame mkono, tazama kama kile kitu kimesukumwa hata mara moja baada ya kushikwa. Kwenye tangazo nililoliona mimi hakikusukumwa.

Tuje kwenye kamera ya kifundoni. Ile imekuja na karatasi ya vibandiko, vile vya miraba myeusi na myeupe mfano wa msimbo wa kulipia, lakini rahisi zaidi. Aina zinazotumika sana ni AprilTag, iliyotoka Chuo Kikuu cha Michigan na kuelezwa mwaka 2011, na ArUco ya Chuo Kikuu cha Córdoba, Uhispania. Unaiambia programu kibandiko kina ukubwa gani, kamera inaona pembe nne, na kwa jinsi mraba ulivyopindika kwenye picha inakokotoa umbali na mwinamo, namba zote sita kwa mpigo. Lazima kwanza uipime lenzi kwa karatasi yenye miraba kama ubao wa drafti, uigeuzegeuze mbele ya kamera mara ishirini hivi. Usiruke hatua hiyo, mimi niliruka na namba zikawa zinachekesha. Nilibandika kibandiko cha sentimita tatu kwenye kibao cha mwembe, mkono ukakishika, nikawa nakisukuma kwa penseli, na mchoro kwenye kioo ukawa unafuata kila nilichofanya. Hapo nilifurahi kweli. Kamera na vibandiko nawapa nyota nne.

Lakini pete utaibandika wapi?

Nikajaribu bila kibandiko. Zipo programu mpya za kutambua kitu kwa umbo lake, kama FoundationPose ya kampuni ya NVIDIA ya mwaka 2024, unazipa mchoro wa kitu au picha zake chache na zinakifuatilia. Zinataka kadi ya picha nzito, kile kifaa cha ndani ya kompyuta cha kupiga hesabu za picha, ambayo kompyuta yangu ya mtumba haina. Kwa mwendo wa jahazi lisilo na upepo zilifanya kazi, nikagundua matatizo matatu ambayo hata kompyuta ya milioni haitayaondoa. La kwanza, vidole vyenyewe vinafunika pete. Pale hasa unapotaka kuona ndipo pameshikwa. La pili, fedha iliyokwisha kung'aa ni kioo. Kamera haioni pete, inaona dirisha, taa na pua yangu. La tatu ni la kuchekesha: pete tupu isiyo na kigae ni duara, izungushe utakavyo sura yake ni ile ile, kwa hiyo hakuna macho duniani yatakayokwambia imezunguka kiasi gani. (Kwa pete tupu sihitaji kujua pia. Gurudumu litapita kila mahali, basi. Ilinichukua wiki nzima kuligundua hilo, na ndiyo maana leo pete tupu nauachia mkono.) Mwenye kuhitaji kujua ni mwenye kigae, na kigae ndicho kinachogeukia nyuma ya kidole.

Ndipo nikanunua kile kidole laini.

Fikiria jeli angavu, laini mfano wa nyama ya dafu, imepakwa rangi ya fedha upande wa nje. Nyuma yake kuna kamera ndogo, na pembeni taa tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kitu kikibonyea kwenye jeli, ile ngozi ya nje inafuata umbo lake, na kila mteremko unapokea rangi tofauti kwa sababu kila taa inatokea upande wake. Kompyuta inasoma rangi na kuzigeuza kuwa miinuko na mabonde. Wazo hili lilitoka kwenye maabara ya Edward Adelson, chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2009, likaitwa GelSight, na mwaka 2020 watu wa Facebook wakatoa michoro ya wazi ya kidole kidogo kiitwacho DIGIT. Changu ni mtoto wa mtoto wa hivyo, kimetengenezwa na mtu mwingine, na kinaonyesha.

Nilibonyeza kwanza kidole changu. Nikaona michirizi yote ya ngozi, na katikati kovu la tupa nililopata nikiwa darasa la saba. Nikabonyeza sarafu, nikasoma maandishi yake. Kisha nikakipa pete ya ukingo wa nyuzi zilizosokotwa, na kwenye kioo zikatokea zile punje za msokoto moja moja, zimejipanga kama chembe za mtama. Nikamwita baba. Alitazama kwa muda mrefu, akaninong'oneza kama tuko msikitini: "Hiki hakina mato, chaona kwa ngozi."

Hapo ndipo nilipoelewa pete inavyoteleza, maana nilikuwa naitazama ikiteleza kutoka ndani. Jeli yangu ina nukta nyeusi zilizochapwa kwa mistari. Ukiivuta pete polepole, haiondoki yote kwa mara moja. Nukta za katikati zinavutwa pamoja na pete, zile za pembezoni mwa mahali palipogusana zinaachia kwanza na kurudi nyuma, kisha zinazofuatia, mwisho katikati inaachia na pete inakwenda. Kati ya pembezoni kuachia na katikati kuachia kuna kipindi kifupi cha kukaza vidole. Niliiandikia programu mistari michache: ukiona nukta za nje zinarudi, kaza. Siku ile ile pete zikaacha kuanguka. Kwa jambo hilo moja sijutii zile 19,000.

Kufuatilia mahali, lakini, ni kazi ngumu zaidi ya kuzuia kuteleza. Hapa nimekwama sana na watu hawayasemi kwenye matangazo. Kidole kinaona eneo lisilofika sentimita mbili. Ni mtu anayepapasa ukuta wa nyumba gizani, anajua hapa kuna jiwe, ila hajui ni ukuta wa mtaa gani. Ule msokoto wangu unajirudia kila milimita mbili. Pete ikizunguka milimita mbili kamili, picha inayoonekana kwenye jeli ni ile ile kabisa, punje moja imeondoka na nyingine imekaa pahali pake. Kwa hiyo programu haiwezi kutazama mara moja na kusema pete iko wapi. Lazima ihesabu tangu mwanzo, punje baada ya punje, bila kupepesa. Kamera yangu inapiga picha 30 kwa sekunde. Pete ikisogea zaidi ya milimita moja kati ya picha mbili, yaani zaidi ya sentimita tatu kwa sekunde, kompyuta haijui tena kama punje imekwenda mbele au imerudi nyuma. Gurudumu likiikamata pete vizuri linaivuta kasi kuliko hiyo. Nimeangalia picha zile moja moja usiku wa manane: hapa punje ya saba, hapa ukungu, hapa punje ambayo kompyuta inaiita ya saba na mimi najua ni ya kumi na kitu.

Dawa ni kuchanganya ushahidi. Kaka yangu ni nahodha wa boti, na kila nikimweleza haya ananiambia mbona hiyo ndiyo kazi yake. Usiku kwenye mlango wa Mkanda, mikoko kulia mikoko kushoto, hauoni kitu; anajua mwendo wa injini, anajua maji yanajaa au yanatoka, anahesabu dakika na kusema sasa tuko hapa. Kisha anapoiona taa au mti anaoujua, anajisahihisha. Anajisahihisha kiasi gani inategemea: taa anaiamini kuliko hesabu yake, ila mti ulioonekana nusu nusu hauamini sana. Mhandisi aitwaye Rudolf Kalman aliiandika hesabu ya namna hiyo mwaka 1960, na roboti wengi wanaitumia mpaka leo. Mkono wangu unakisia kwa mota, unajisahihisha kwa jeli, na kamera ya nje ikibahatika kuona ua la kigae inasahihisha vyote viwili. Palipo na punje zinazojirudia, kisio moja halitoshi. Programu nyingine inabeba makisio mia mbili kwa pamoja na kuyatupa yanayopingwa na ushahidi. Hiyo ndiyo niliyoishia kuitumia. Inafanya feni ya kompyuta ivume kama pampu ya boti.

Matokeo? Kwenye jedwali langu, pete ya kigae ikisukumwa kwa mkono polepole, mkono unajua iko wapi kwa tofauti ya milimita mbili au tatu. Nilidhani ni ubovu wa vifaa vyangu vya bei rahisi. Kisha nikasoma kazi ya watafiti wa Meta na wenzao iitwayo NeuralFeels, iliyotoka kwenye jarida la Science Robotics mwaka 2024. Wao wana mkono wa vidole vinne, kila kidole na kihisi cha DIGIT, kamera ya pembeni, na kompyuta za kweli. Wastani wao wa kupotea ulikuwa milimita 4.7 kwa kitu wasichokuwa na mchoro wake, na 2.3 wakiwa na mchoro. Walikuwa wanakizungusha kitu mkononi mfululizo, kazi ngumu kuliko yangu, basi sijilinganishi. Lakini ukingo wangu wa fedha una milimita moja. Niliifunga kompyuta nikaenda kunywa kahawa.

Kuna kasoro za Lamu ambazo muuzaji wa Nairobi hazijui. Hewa ya chumvi imezila skrubu ndani ya miezi miwili. Badilisha zote kwa za chuma kisichoshika kutu kabla hujaanza. Jeli inashika vumbi la msasa, na ukiifuta kwa nguvu ile rangi ya fedha inatoka kama ngozi iliyoungua jua. Jeli yangu ya kwanza imedumu wiki saba. Na kuna umeme. Umeme ukikatika mota zinalegea zote, mkono unalala mezani kama mgonjwa, na pete inajitafutia njia kwenye nyufa za sakafu. Kinachonifurahisha ni kinachotokea umeme ukirudi: zile sumaku za mota hazisahau, mkono unaamka ukijua kila kiungo kiko digrii ngapi. Ila haujui kama umeshika kitu. Lazima uambiwe ufumbe vidole polepole, vikigota kabla ya kufungana na mota ikaanza kukaza basi kuna kitu, na ule mwanya uliobaki ni unene wake. Ni upapasaji wa mtu aliyeamka usingizini akitafuta miwani.

Mwezi wa nne nilimfanyia baba jaribio. Yeye hung'arisha huku anazungumza, anatazama watu wanaopita, dole gumba linaizungusha pete, na hajawahi kulamba kigae tangu nimjue. Nilileta barafu la samaki kwenye bakuli, nikamwomba atumbukize vidole mpaka vife ganzi, kisha aniokotee pete mezani na kuigeuza kigae kiangalie juu bila kutazama. Ilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu aliikamata kwa nguvu mno, kama mtu aliyekamata kaa, na kigae kilikuwa kinatazama chini naye anadai kiko juu. Alicheka mpaka akatoa machozi. Wanasayansi wa Sweden, Roland Johansson na Åke Vallbo, walikadiria mwaka 1979 kwamba ngozi ya ndani ya mkono mmoja wa binadamu ina vipokezi vya mguso kama 17,000. Mkono wangu wa roboti una jeli moja na kamera moja, na umeme wa Lamu.

Baba alipomaliza kujifuta barafu ndipo aliponiuliza swali ambalo mimi, na programu zangu zote, sikuwa nimeliuliza. "Kwani kwa nini ashike pete?"

Akanyanyua kibano chake cha mbao. Kila sonara anacho: vipande viwili vya mti, ngozi mdomoni, unatia pete, unapigilia kabari upande wa nyuma, na pete haiendi popote hata uitwange. Mkono wa roboti haushiki vizuri kitu cha mviringo kinachong'aa cha milimita mbili. Kitu cha mraba, cha mbao, chenye nafasi ya kibandiko, unakishika vizuri sana. Nikafanya hivyo jioni ile ile. Pete naitia mwenyewe kwenye kibano, kabari inaifunga, najua imekaaje kwa sababu nimeiweka mimi. Kibandiko kimebandikwa ubavuni mwa kibano, kamera ya kifundoni nimeihamishia juu ya meza ikione muda wote. Kibano kikisogea vidoleni, kibandiko kinasema, mkono unajirekebisha. Jeli naiacha kwa kazi ya kukaza tu, inayoiweza. Tofauti imeshuka chini ya milimita moja, na tangu hapo nimepitisha pete 22 za vigae bila kumegua hata kimoja. Nyuma ya pete, pale kibano kilipoishika, namalizia kwa mkono wangu, dakika mbili.

Kwa hiyo, nyota. Mkono wenyewe, tatu: unajua unachopaswa kujua kuhusu nafsi yake, na gia zake ni za bei yake. Kamera na vibandiko, nne. Kidole laini, tano kwa kufundisha, mbili kwa kudumu. Muuzaji, dole gumba moja, lile lile alilonitumia. Mwalimu wa sekondari mwenye kilabu cha kompyuta anunue, na anunue na kidole laini, wanafunzi wabonyeze sarafu waone. Mwenye hoteli aliyeniuliza kama utaweza kubeba vikombe vya chai kwenye ghorofa, namwambia aajiri kijana. Sonara mwenzangu anayefikiria kuununua ili aache kuungua vidole, aje kwanza aone hapa dukani, sabalkheri yake tu inatosha, asubuhi kabla ya jua halijachoma.

Baba sasa anachonga kibano kipya cha mbambakofi, bavu zake nne zimenyooka na moja ameiacha bapa kabisa, bila nakshi, kitu ambacho si kawaida yake. Jana aliniuliza kibandiko kina ukubwa gani. Nikamwambia sentimita tatu. Akapima nne.